Barua Iliyokaa Mkobani

Nimeufungua ukurasa huu mara tatu na kuufunga. Sikusoma sana, niliachia darasa la saba, na najua mtu mwenye hasira huandika upande wake tu. Kwa hiyo nitaandika na upande wa yule mama, hata pale mkono wangu unapokataa.

Miaka hiyo ya tisini nilikaa Soweto West, Kibera, chumba kimoja, cherehani mlangoni. Mume wangu alikuwa Mchina. Alikuja Nairobi na kampuni ya kutengeneza barabara, akaniletea ovaroli niitie kiraka. Akarudi na ileile imechanika mahali pengine. Mara ya nne ndipo nikagundua anaichana mwenyewe. Tulioana kwa DC, mashahidi wakiwa jirani yangu na dereva wa greda. Mkataba wake ulipoisha alirudi kwao, akapata kazi katika kiwanda cha saruji, akanitumia barua ya mwaliko yenye muhuri mwekundu wa kiwanda hicho. Nilichokuwa natafuta ni viza ya kumfuata. Ubalozini walitaka barua hiyo, cheti cha ndoa, na fomu inayosema mume anafanya kazi wapi. Muhuri wa pale anapofanya kazi ndio ulikuwa mlango wangu. Mwingine sikuwa nao.

Sasa nieleze habari ya barua. Nyumba zetu hazikuwa na namba, na posta haimletei mtu barua kichochoroni. Sisi tuliotoka magharibi ya Kenya tulitumia sanduku moja la posta, la mama mmoja wa Kawangware aliyekuwa mkubwa wa akina mama kanisani kwetu. Alizichukua barua za watu wote, akazitia katika mkoba wake mweusi, na Jumapili baada ya ibada alisimama mlangoni akisoma majina. Ukiwepo, unapewa. Usipokuwepo, barua inarudi mkobani mpaka Jumapili utakayokuja.

"Barua zangu zinajua njia moja tu, ya kanisani," alipenda kusema, na watu wanacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Niwe mkweli: ndiye aliyenipokea nilipotoka nyumbani. Nililala kwake Kawangware miezi mitano, na malaria iliponishika alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Hilo silifuti.

Lakini yeye hakumpenda mume wangu. Jumapili moja aliomba kwa sauti, mikono juu kabisa kama kawaida yake, akimlilia Mungu kwa ajili ya "binti yetu aliyeolewa na mtu asiyejua hata wimbo mmoja wa kanisa." Kila mtu alijua binti ni nani. Wanawake wa viti vya nyuma walicheka mpaka wakajifunika leso. Nikakaa Jumapili tatu bila kwenda. Hapo nakubali, nilikosa. Desturi ya mkoba nilikuwa naijua.

Jumanne baada ya Jumapili ya tatu nilipeleka fomu ubalozini, nimevaa sketi niliyojishonea kwa siku hiyo. Wiki mbili baadaye, kanisani bado sijarudi, wakaniita. Karani alikuwa Mkenya mwenzangu.

"Dada, mumeo anafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha saruji. Si nimeandika hapo?"

"Tuliwatumia faksi. Wanasema alishaondoka."

"Akaenda wapi?"

"Wewe ndiye mke, halafu unaniuliza mimi?"

Hakunisema vibaya. Alinieleza polepole kwamba fomu yangu inasema hivi na kiwanda kinasema vile, na karatasi zisizokubaliana hivyo huonekana kama za kununua. Ombi limekataliwa. Kama ningekuja kabla na mwaliko mpya wangebadilisha tu, lakini sasa imeshaandikwa kwenye faili. Nisirudi kabla mwaka haujaisha.

Njia nzima nilijua kitu kimoja tu: mume wangu ameniacha.

Jumapili hiyo nilienda kanisani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukaa na uso ule. Mwisho wa ibada mama akasoma jina langu, la mwisho kabisa.

"Ee! Aliyepotea amerudi! Nilidhani umeshageuka Mchina kabisa, hata macho."

Wakacheka. Bahasha ilikuwa imekunjika pembe kwa kukaa. Nyuma yake, muhuri wa posta ya Nairobi ulionyesha ilifika siku kumi na tisa kabla sijapeleka fomu. Nikaifungulia palepale uani. Mume wangu aliandika kwa Kiswahili alichofunzwa na vibarua mitaroni, herufi zote kubwa: MIMI HAMISHWA KAZI. KAMPUNI PELEKA MIMI KWA BWAWA, MBALI, TRENI SIKU MBILI. MUHURI YA ZAMANI HAPANA KAZI TENA. FOMU USIPELEKE. NGOJA MUHURI MPYA.

"Mama, hii ilikuja lini?"

"Nitajuaje? Barua ni nyingi."

"Kuna wamama watatu wa hapa wanaopita mlangoni kwangu kila Jumapili. Ungempa mmoja."

"Ikipotea je? Si utanilaumu mimi? Ungekuja kanisani, wewe msichana, ungeipata."

Na lilikuwa kweli. Ningekuja ningeipata. Jibu hilo nimetembea nalo miaka mingi kwa sababu sikupata pa kulishika. Angesema uongo, pengine ningemsamehe.

Nilianza kutafuta namna ya kumlipa. Wakati huo alikuwa ameniletea kitambaa cha zambarau nimshonee nguo ya sikukuu ya akina mama. Niliwaza kuzishona kwapa kwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikizia, ili siku hiyo akiinua mikono kuomba nguo yote iachie. Nilizishona hivyo kweli. Kisha nikazifumua nikashona upya, mara mbili, kwa sababu ikichanika watu watasema fundi ni mbaya, hawatasema mama ni mbaya. Sijui kama huo ni wema.

Nikaenda posta kuomba sanduku langu mwenyewe. Foleni ya kungojea ilikuwa ndefu, lakini hatimaye nikapewa ufunguo. Nikaanza na jirani yangu.

"Tumia langu. Barua ikifika leo, unaipata leo. Hata kama hujaomba tangu uzaliwe."

Neno likaenea. Sasa nilikuwa siikosi Jumapili hata moja, na nitaandika ukweli: sikwenda kwa Mungu, nilikwenda kuutazama ule mkoba. Ulikuwa unakonda. Majina yalikuwa yakichukua muda wa wimbo mzima. Yakaanza kwisha kabla watu hawajavaa makoti. Siku moja alisoma matatu, akapekua mkobani tena kama aliyeangusha kitu, akaufunga. Utamu niliousikia siku hiyo sijausikia tena.

Hata binti yake aliyeolewa Kisumu alianza kumwandikia kupitia sanduku langu, ameambiwa na watu kwamba ni haraka. Barua ya kwanza ilipofika niliitoa asubuhi, nikafunika cherehani, nikatembea mpaka Kawangware. Ilikuwa Alhamisi, siku ya akina mama kukutana nyumbani kwake. Nilikwenda nikijua hivyo. Nikamkabidhi mbele yao.

"Mama, barua yako. Imefika leo."

"Leo?"

"Leo. Geuza uangalie muhuri nyuma."

Akaigeuza. Hakuna aliyecheka. Mmoja akainua kikombe akanywa chai iliyokwisha.

Mwaliko mpya, wenye muhuri wa bwawa, ulinifikia katika sanduku langu. Mwaka ulipotimia nikarudi kwa karani yuleyule.

"Haya, mume amepatikana?"

"Hakuwa amepotea."

Safari hii faksi na fomu zilisema kitu kimoja. Nikapata viza.

Kabla ya kusafiri nilikwenda Kawangware kumuaga. Alinipikia ugali na mrenda, akanitilia mwingi, kama siku zile nilipokuwa mgonjwa. Tulipomaliza akafuta meza muda mrefu.

"Basi niachie ufunguo wa sanduku. Kazi hiyo nimeizoea."

"Nimeshampa fundi wa viatu wa pale Soweto."

"Yule mlevi?"

"Mlevi, Mama. Lakini barua hazimkai mkononi."

Kisha akasimama, akainua mikono yake juu kabisa, kwapa za ile nguo ya zambarau zikashika vizuri, akaniombea safari na ndoa yangu, na mume wangu pia, kwa maneno mazuri ambayo sikuyategemea. Niliinamisha kichwa nikafumba macho mpaka mwisho. Amina sikusema.