Kichwa Changu Kilikuwa Werugha Kabla Yangu

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kukaa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, sekondari ikanipita hivi hivi, nikawa nazunguka Voi nikibeba magunia na kuchekesha watu stesheni. Halafu chuo fulani kikafungua darasa la sanaa kwenye ghala la zamani la katani, nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Mwatate. Walitaka mtu wa kuangaliwa. Yaani unakaa juu ya stuli, wanafunzi wa diploma wanakuzunguka, wanafinyanga kichwa chako kwa udongo. Mama alikuwa anauza chai na mahamri kwa geti ya hicho chuo, akaniombea.

Jioni ya kwanza akaniuliza, "Haya, umefanya nini huko?"

"Nimeingia chuo, Mama."

"Umesoma nini na wewe kichwa maji?"

"Mimi sisomi. Mimi ndio kitabu. Wao ndio wananisoma."

Alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ndani ya lile ghala. Alikuwa anaacha birika mlangoni. Alisema kuna baridi mle ndani. Mimi nikaona ni uzee. Voi na baridi wapi na wapi? Nje jua lilikuwa linapika mawe. Ila kweli, ukiingia ndani ulikuwa unasikia shingo inasisimka. Madirisha yalikuwa madogo na yako juu, harufu ya katani haijawahi kutoka, na mabati yakipata joto yalikuwa yanalia, ta, ta, ta, kama mtu mzima anatembea juu ya paa bila haraka.

Mwalimu alikuwa mama wa Mombasa, buibui yake imejaa madoa ya udongo, mikono ya mwashi. Na kwenye darasa lake kulikuwa na kijana mmoja wa Werugha, kule juu milimani, haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo. Alishuka Voi na sweta lake zito la milimani na hakulivua, na sisi tumelowa jasho.

Mkuu wa chuo hakumtaka. Alikuja akasimama mlangoni, akasema mbele yetu sote, "Mwalimu, kipofu kwenye darasa la sura? Si umpeleke akasuke vikapu?"

"Kwani amekwambia anataka kusuka?"

"Mtihani unasema mwanafunzi atengeneze kichwa kinachofanana na mtu aliyekaa mbele yake. Huyu ataona nini?"

"Huo ni mtihani wangu mimi, wa kufundisha," mwalimu akasema. "Yeye wake haujafika."

Mkuu akamwambia sawa, lakini akianguka kwa hicho kichwa, anarudi kwao na hakuna kubembelezana. Yule kijana alikuwa amesikia kila neno. Baadaye aliniambia kurudi kwao maana yake ni nini. Nyumba nzima inaenda shambani kwa matuta, yeye anaachwa jikoni anamenya viazi na kuambiwa asisogelee moto. "Niliwaambia nikishuka huku sitarudi kumenya," akasema. "Sasa wananingoja na kisu."

Sheria ya darasa ilikuwa mtu wa kukaa haguswi. Unamuangalia tu kwa mbali. Mwalimu akaivunja. Akaleta vitambaa, akafunga kila mmoja macho, akasema wote watanigusa kichwa kabla ya kuniangalia.

Mmoja akanung'unika, "Mwalimu, sisi si tunaona? Si aguse yeye tu?"

"Nikimwachia aguse peke yake, nimemfanya mgeni kwenye darasa lake mwenyewe," akasema. "Mkigusa nyote, basi ni somo. Funga macho, mwanangu."

Kulikuwa na msichana wa Voi, wa familia ya Kiislamu, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hawezi kushika kichwa cha mwanamume. Nikamwambia usijali dada, hata mimi mwenyewe nakishika kwa uoga. Mwalimu hakucheka. Akamwambia, "Shika chako. Anza na mfupa unaoujua." Na yeye akafungwa macho, akakaa pembeni anajipapasa taya. Nilikuwa sijawahi kuona mwalimu wa namna hiyo. Wale wangu wa primary, mlango ulikuwa mmoja na ukikwama mlangoni unachapwa.

Basi wakaja, mmoja mmoja. Manze, kushikwa uso na watu wamefunga macho si mchezo. Mwingine aliniingiza kidole puani. Mwingine alicheka, kichwa chote kikanuka madondo, yale maharagwe aliyokula mchana. Halafu akaja yule wa Werugha. Yeye hakushika pua wala midomo. Alipeleka vidole moja kwa moja nyuma, vya baridi kama vimetoka mtoni, akapanda na shingo, akafika nyuma ya sikio la kushoto. Pale nina kivimbe cha mfupa, kama punje ya haragwe. Vinyozi wote wa Voi wanakijua na kukilaani.

Vidole vikasimama. Juu yetu mabati yakalia, ta, ta.

"Hiki kichwa nimewahi kukishika," akasema.

Watu wakacheka. Mimi nikasema, "Labda siku ile uliponiibia kofia sokoni."

Yeye hakucheka. "Kwenu wapi?"

"Voi."

"Kwenu kabisa. Kwa baba yako."

"Baba sijamuona. Mama alisema alienda kazi akapotelea huko. Kwani unataka kunichumbia?"

Akaondoa mikono. Lakini wakati wa chai alinivuta kando, akanieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza njia ya dukani. Kule kwao, juu ya mashamba, kuna mwamba umeinama kama paa. Zamani wazee wakishazikwa na wakati ukapita, walikuwa wanafukuliwa, vichwa vinapangwa pale chini ya mwamba, mstari mmoja, kila ukoo na wake. Watu walipoingia kanisani wakaacha, na sasa hata kupita pale wanapita wakiangalia upande mwingine. Lakini bibi yake alikuwa bado anaenda kufagia. Na kwa kuwa mtoto haoni na nyumbani hakuna mtu, alikuwa anaenda naye.

"Watoto wengine walikuwa wanacheza gololi," akasema. "Mimi nilikuwa nashika vichwa. Navijua vyote. Cha mwisho kulia kilikuwa kipya kuliko vingine. Bibi alisema huyo mzee alikataa kanisa, akawaapisha wanawe wamlete pale kama zamani. Nyuma ya sikio la kushoto kina haragwe."

Nikataka kusema kitu cha kuchekesha. Mkono ukaenda wenyewe nyuma ya sikio.

"Sasa," nikasema baadaye, "mimi nimekufa ama nimezaliwa?"

"Sijui bwana. Mimi ni wa udongo tu."

Kazi ikaanza. Wengine walifungua macho, wakaniangalia, wakatengeneza mimi. Nilitoka wa kila aina, mpaka mmoja nilikuwa nafanana na mbuzi wa Ndara aliyekosa maji. Lakini meza ya yule wa Werugha ilikuwa inaenda kwingine. Alikuwa ananigusa, anarudi kwa udongo, ananigusa tena, na kila akirudi mashavu yanazama, macho yanaingia ndani, mdomo unakunjwa na miaka ambayo mimi sina. Alikuwa anatoa mzee. Tulikuwa na sura moja, lakini alikuwa ameshafika mahali ambapo mimi bado naenda.

Jioni vichwa vyote vilikuwa vinafunikwa gunia la maji udongo usikauke. Asubuhi gunia la yule mzee hakuna aliyetaka kulitoa. Walianza kusogeza meza, kidogo kidogo, bila kusemezana, mpaka yule mzee akabaki na uwanja wake peke yake katikati ya ghala. Mimi siku moja, kwa kujikaza, nikamvisha kofia yangu. Haikuingia. Kilikuwa kikubwa kuliko changu, kofia ikakaa juu kama kifuniko cha chupa. "Ona," nikasema, "si mimi. Saizi ni tofauti." Nikafurahi kabisa, kama mtu aliyeachiliwa kituoni.

"Udongo hupungua ukikauka," yule kijana akasema. "Ndio maana tunaanza na mkubwa."

Mwalimu alikaa naye kabla ya mtihani. Nilikuwa kwenye stuli, nilisikia yote.

"Mwanangu, wataangalia hiki, wamuangalie huyu kijana, waseme hakifanani. Unaweza kumpunguzia uzee kidogo?"

"Nimejaribu, Mwalimu. Nikiweka nyama vidole vinaikataa."

Nikadhani atamlazimisha. Badala yake akasema, "Basi nitawafanya wao waje ulipo wewe."

Mtahini alitoka Nairobi, suti na viatu vya kuogopa vumbi. Mkuu wa chuo nyuma yake. Wakapita meza kwa meza. Walipofika katikati mtahini akaniangalia, akaangalia kile kichwa, akaniangalia tena.

"Huyu ni mzee. Aliyekaa pale ni kijana."

"Nilisema mimi," mkuu akasema.

Yule wa Werugha alikuwa amesimama wima na sweta lake, mikono imeng'ang'ania meza. Nikaona kile kisu cha viazi kama kiko pale.

"Darasa hili linaanza kwa mikono," mwalimu akasema. "Wanafunzi wote walifungwa macho. Naomba na wewe, Bwana, ukisahihishe kama nilivyofundisha."

Akamletea kitambaa. Mtahini akasita, akaona watu wote wanamuangalia, akavua saa, akafunga macho. Akanigusa. Akapelekwa kwa udongo, akagusa. Akarudi kwangu mwenyewe, bila kuongozwa. Vidole vikafika nyuma ya sikio, vikasimama pale pale, kama vile vya kwanza. Alirudisha mkono haraka na kuufuta kwa suruali ya suti.

Hapo ndipo mama akaingia. Birika lilikuwa limekaa mlangoni, hakuna aliyetoka kulichukua, chai inapoa. Akalibeba, na kwa mara ya kwanza akavuka kizingiti, akija kunigombeza. "We mtoto, hawa wageni watakunywa saa..."

Akaweka birika chini. Akavuta leso akafunika kichwa, akainamisha macho, akatoka katikati ya njia na kusimama pembeni, ubavu umeelekea ukuta. Mtu yeyote wa huku anakijua hicho kitendo. Ndivyo mwanamke anavyompisha baba mkwe.

Juu, mabati yaliacha kulia.

"Mama," mtahini akasema, bado ana kitambaa usoni, "kuna nini?"

"Nani amemwita mzee hapa?" mama akasema, anaongea na ukuta. "Ni baba wa mume wangu. Mngeniambia yupo, nisingepita mbele yake."

Mtahini akatoa kitambaa polepole. Hakuangalia tena kile kichwa. Akamwambia mkuu, "Kimefanana," akavaa saa, akatoka nje juani bila kunywa chai.

Hivyo ndivyo yule kijana alivyobaki Voi. Siku hiyo alivua sweta kwa mara ya kwanza, akalikalia kama mto, akacheka peke yake.

Kukichoma kichwa kwenye tanuri, mama alikataa. Hawezi kuona mkwewe akitiwa moto. Basi kikaachwa kikauke chenyewe, na tatizo likawa chai, maana mama sasa aliambiwa na mwalimu aingie ndani kama watu wengine, asiache birika mlangoni. Mwalimu akapata njia. Kila saa ya chai ikikaribia, wanafunzi wawili wanamgeuza mzee aangalie ukuta, mama anaingia, anamimina, anatoka, mzee anarudishwa. Hakuna aliyecheka. Hata wanafunzi wapya walifundishwa hivyo hivyo.

Kazi yangu ilipoisha nilienda kuaga. Mzee alikuwa amekauka kabisa, rangi ya vumbi la Voi. Nikavua kofia yangu nikamvisha, mzaha tu, nikijua itakaa juu kama ile siku.

Iliteremka mpaka kwenye masikio, ikashika.

Nilijaribu kucheka. Halafu nikamwachia, nikatoka kichwa wazi.