Ziwa la Herufi Kumi

Katika ofisi yetu pale Sumbawanga, gazeti lilisomwa kwa vyeo. Lilishuka kwenye basi la Mbeya likiwa na umri wa siku nne au tano, likaenda kwanza kwa mkuu wetu, likakaa kwake mpaka aridhike, ndipo likaanza kuteremka meza kwa meza. Mimi, mpiga chapa niliyekuwa bado kwenye majaribio, nililipata mwisho pamoja na tarishi, limelegea na lina alama za vikombe vya chai. Chemshabongo ilikuwa imekwisha kujazwa na mkuu mwenyewe, tena kwa wino, maana penseli aliiona ni chombo cha watu wasio na uhakika.

Wiki moja gazeti likatangaza zawadi: atakayejaza chemshabongo yote sawasawa atapata redio. Mkuu akaita mkutano. Akatueleza kwamba mchezo huu waliubuni wazungu wa Amerika, wakoloni wakauleta huku ili Mwafrika akae akihesabu viboksi badala ya kulima, lakini sasa tumeutaifisha na una manufaa. Ila mtu kujifungia na kujaza peke yake ni ubinafsi. Tutajaza kiujamaa, na redio itakaa kwenye korido iwe ya wote. Tukapiga makofi. Ikaundwa Kamati ya Chemshabongo: yeye mwenyekiti, afisa wa ufugaji nyuki, tuliyemwita bwana nyuki, makamu wake, na mimi katibu kwa sababu nina mashine. Tarishi aliruhusiwa kuhudhuria kwa kuwa ndiye aliyeleta chai.

Aliyepiga makofi kwa moyo hasa ni huyo tarishi, mzee wa Kirando aliyeacha uvuvi akapanda kuja kutafuta kazi kwenye baridi yetu. Mama yake alipofariki, ndugu zake walipeleka tangazo redioni, likasomwa, wakamngoja. Yeye hakuwa na redio, na ofisi haikuwa nayo. Alipata habari kwa barua aliyoichukua posta kwa mkono wake mwenyewe, mama akiwa kaburini wiki ya pili. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, kusimama karibu na redio saa ya matangazo ya vifo.

"Ikija ile redio, binti," aliniambia, "mimi nitaifuta vumbi kila siku."

Tukaanza. Swali la kwanza: ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, herufi kumi.

Jibu nililijua tangu shule ya msingi. Ukiteremka kutoka kwetu hadi Kipili, usipoangalia utatumbukia ndani yake. Lakini mkuu wetu alizaliwa kando ya Ziwa Viktoria, na ziwa la kwao lilikuwa la kwanza kwa kila kitu: samaki, dhoruba, hata akili za watu wake. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Herufi nane, viboksi kumi. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye akaandika Z katika kiboksi cha kwanza, kwa maana ya Ziwa, akaweka nukta katika cha pili, kisha Viktoria. Likaenea barabara.

Tarishi akaweka birika chini. "Samahani, Ndugu Mwenyekiti. Mimi nimevua Tanganyika. Siku moja tulifunga jiwe kwenye kamba tukalishusha. Kamba ikaisha. Tukaunga ya pili, ikaisha. Tukaunga ya tatu. Mpaka leo hatujafika chini."

"Mzee, kamba si kipimo cha kitaalamu."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Ongeza chai."

Kosa la mkubwa halikai peke yake, hutafuta wenzake. Maneno ya kushuka yalianzia kwenye herufi zake, kwa hiyo mji mkuu wa Ghana ukaanza na nukta. Bwana nyuki akasema huenda Waghana wenyewe wameubadili, siku hizi mambo mengi yanabadilishwa. Kisha akaja mdudu atengenezaye asali, herufi tano, naye akatoka TYUKI. Bwana nyuki, mtu aliyekwisha kuumwa na nyuki wa kila kijiji mpaka Mtowisa, alilitazama neno lile kwa muda mrefu. Nikadhani sasa atasema.

"Tyuki wapo," akasema. "Ni wale wa bondeni."

Nikaandika kwenye muhtasari kwamba kamati imeafiki kwa kauli moja.

Gazeti lilitaka orodha ya majibu iambatanishwe na kuponi ya jina na anwani. Kuipiga ilikuwa kazi yangu, na mkuu hakuwa na desturi ya kusoma anachotia sahihi. Ningeweza kupiga Tanganyika, ningeweza kuwarudishia nyuki jina lao, naye angesaini bila kujua. Lakini barua ya kunithibitisha kazini ilikuwa kwenye trei yake, haijasainiwa, na nakala ya orodha ingebaki kwenye faili. Nikapiga Z. Nikapiga nukta. Hakuna aliyenilazimisha, niliogopa tu, na aibu yake ninayo hadi leo.

Mvua ilikuwa inanyesha tarishi alipokuja kuchukua bahasha.

"Umeandika lile la kwetu?"

"Nimeandika kama kamati ilivyoamua, mzee."

Akaitazama bahasha, kisha akaiingiza ndani ya koti lake isilowane.

Redio ilikwenda kwa mwalimu mmoja wa Tabora. Majibu yalipotoka, mkuu alinipa barua niipige, ya kumkosoa mhariri kuhusu maziwa ya Afrika, na tarishi akaipeleka posta hiyo nayo. Barua yangu ya kuthibitishwa ilisainiwa wiki ileile.

Mvua za mwaka uliofuata, alirudi kutoka posta na mfuko wake, akagawa barua kwa vyeo kama kawaida, kuanzia kwa mkuu mpaka kwangu. Mkononi akabaki na moja. Macho yake hayakuwa mazuri kwa mwandiko wa mkono, akanipa nimsomee. Ilitoka Kirando. Dada yake amefariki na wamekwisha kumzika, na wanauliza imekuwaje hakuja safari hii tena, wakati tangazo lilisomwa redioni siku mbili mfululizo.

"Ahsante, binti," akasema, akaenda kuchemsha maji ya chai ya saa nne.