Treni ya Idd Pili

Mpango wa kupanda treni ulikuwa wangu. Tulishuka kutoka Lushoto mimi na mama kwenda kula Idd kwa dada yangu Dar es Salaam, na basi halijafika hata Korogwe nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Idd pili, Morogoro kwa treni ya umeme, asubuhi kwenda jioni kurudi. Kesho yake treni ya mjini mpaka Pugu, safari fupi ya kumpumzisha mama. Halafu Dodoma, nako kwenda na kurudi siku hiyohiyo, maana mama alishasema yeye halali kwa watu asiowajua. Baba alibaki nyumbani, huku kwetu Irente, kwa sababu ng'ombe alikuwa karibu kuzaa na baba hakuwa anamwamini mtu na ng'ombe wake. "Nendeni mkapande, mje mnisimulie," alisema, akakohoa. Alikuwa anakohoa kila masika, kwa hiyo hatukujali.

Dada alitucheka. "Nyie watu wa milimani, mmekuja kula sikukuu au mmekuja kupanda treni?" Mama hakucheka. Alitaka kujua choo kiko wapi, treni ikifika inangoja watu au inaondoka hapohapo, na kama Morogoro kuna pa kuswalia karibu na stesheni. Alichemsha viazi tulivyotoka navyo nyumbani, kwa sababu chakula cha njiani haamini kama kimeoshwa. Akafungasha masweta. Masweta, Dar es Salaam! Eti amesikia ndani ya treni kuna baridi. Nilimgombeza, lakini moyoni nilifurahi, maana katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Basi, asubuhi ya Idd pili tulikuwa stesheni sote watatu, tiketi mkononi. Simu ya dada ikalia. Alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana. Aliuliza tumeamkaje, akauliza sikukuu inakwendaje. Kisha akasema, "Baba yenu anaumwa. Mrudi." Dada akajibu, "Haya, baba," akakata simu.

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba. Anaambiwa fulani anaumwa, njoo, ili asianguke njiani. Na anayeambiwa naye ana adabu yake: hahoji. Babu alipofariki nilikuwa shule ya bweni, nikaambiwa anaumwa kidogo, nikafika nikakuta kaburi limeshapandwa maua. Nilikuwa nimejua tangu nilipoitwa ofisini. Kila mtu hujua. Kwa hiyo dada alipogeuka na uso ule, mama alijishika kichwa, akakaa chini pale pale kati ya miguu ya watu, akasema, "Amekwenda." Hatukusema neno la kumpinga. Treni ikaondoka, sisi tukatafuta gari la kuturudisha kwa dada.

Makochi yakatolewa nje, mikeka ikatandikwa. Majirani wakaja na kanga zao, na ile pilau ya Idd ikaliwa kama chakula cha matanga. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Shemeji, mume wa dada, akampigia baba mdogo. "Mtusubiri, baba. Tunakusanyana huku, tutafika kesho mchana." Baba mdogo akajibu, "Haya, tunawasubiri. Poleni na safari." Tukaelewa mazishi yatatungoja. Tukangoja ndugu wa Kibaha na wa Bagamoyo ili twende pamoja, kama inavyofanyika. Binamu mmoja alitaka kupiga simu aulize tunazika saa ngapi, na mimi ndiye niliyemkemea. Nikamwambia aache kuwasumbua wafiwa, ana haraka ya nini!

Tuliondoka alfajiri kwa gari la kukodi. Tulipopita Soni wanawake tukajifunga kanga vizuri, na kuanzia njia panda ya Irente tukaanza kulia kwa sauti, maana msibani hauingii kimya. Tukaingia uani tunalia. Kulikuwa na watu wachache tu. Turubai lilikuwa bado liko chini, vijana wanachimbia nguzo. Baba mdogo akatoka ndani mbio, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amewaambia?" akauliza.

Hatukumwelewa.

"Amekata roho asubuhi hii hii," akasema. "Mlikuwa mmeshaondoka, nikasema nisiwaambie njiani."

Dada alimshika shati. Alikuwa anapiga kelele, "Si ulisema jana! Si ulisema jana!" Na baba mdogo, maskini wa Mungu, akilia kama mtoto, akawa anarudia, "Jana nilisema anaumwa. Alikuwa anaumwa! Mliposema kesho nikajua mabasi yamejaa sikukuu."

Ndani alikuwepo shangazi wa Mazinde, dada yake baba. Huyu tumemsema maisha yetu yote kwamba hana haya, anaropoka. Naye alipigiwa simu ile ile, akaambiwa maneno yale yale. Alimwambia mdogo wake, "Acha kunizungusha. Kafa au yu hai?" Akapanda pikipiki mpaka huku juu, akamkuta kaka yake, akamlisha uji. Ndiye aliyetuambia kwamba baba alikuwa na akili zake timamu, ila kifua kilimbana. Kila geti lilipolia aligeuza uso mlangoni. Aliuliza mama yenu yuko wapi, akaambiwa anakuja. Baadaye akauliza tena. Shangazi hakutuficha hata kidogo, na sijui kama nimemsamehe kwa hilo au namshukuru.

Mama hakulia. Wanawake wakaanza kunong'onezana, mke gani huyu ana macho makavu. Ningewajibu nini? Kwamba alishalia jana, mume wake akiwa hai anamngoja? Nilitamani kuwafukuza wote.

Maji ya kumwoshea maiti yalipokuwa tayari, mama akasimama, akakunja mikono ya gauni. "Nitamwosha mimi."

"Shemeji, wanaume wapo," baba mdogo akasema kwa upole.

"Kumuuguza sikumuuguza," mama akasema. "Na kumwosha mnikatalie?"

Sheikh akasema mke ana haki hiyo, mpisheni. Wakampisha, akabaki na mzee mmoja tu wa kumwelekeza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na ndoo ya pili. Nilisikia maji yakimwagwa taratibu, na sauti ya mama, ile iliyokauka, ikimweleza baba kwa Kishambaa, kama anavyomweleza mambo ya nyumbani siku zote. Alikuwa anamwambia kwamba hatukuuliza.