Uzi Mweusi wa Televisheni Yetu

Admin, nifichie jina. Nina miaka sitini na tisa, mjane, naishi Magomeni. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, maana sitaki wajukuu wajue.

Enzi za Ujamaa nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, baba yangu fundi cherehani Kariakoo. Rafiki yangu nimwite Zuhura, si jina lake. Siku moja tulikwenda sinema, tukaona filamu ya kuchekesha ya vijana wa Kizungu: msichana wa shule ambaye kila akiona haya, vitu vilivyo karibu naye vinakimbia vyenyewe. Tulicheka mpaka machozi. Wakati huo televisheni huku bara hatukuwa nayo, tulisikia tu kwamba Unguja wanayo. Basi tukaigeuza filamu ile kuwa televisheni yetu wenyewe. Tuliomba fremu kubwa ya mbao kwenye karakana moja ya Gerezani, tukaitundikia khanga, na kila Jumamosi alasiri uani kwetu kisa kipya. Zuhura ndiye msichana. Mimi najificha pembeni, navuta vitu kwa uzi mzito mweusi wa baba. Uwanja ulikuwa unajaa. Watoto wakimwona njiani wanampigia kelele, "Da Zuhura, ona haya tuone!"

Kisha Zuhura akapata mchumba, karani wa reli, wa kumpeleka Tabora. Alifurahi jamani. Mimi roho iliniuma, kwa sababu televisheni bila yeye ilikuwa imekufa. Siku wazee wa mchumba walipoleta posa kwao Zuhura, mimi ndiye niliyeingiza sinia la kahawa, na nililifunga uzi. Nilijiambia ni utani tu, watacheka, na labda harusi itaahirishwa kidogo. Mjomba wa Zuhura akamwita awaamkie wageni. Zuhura akapiga goti, akainamisha kichwa.

"Shikamooni."

Nikavuta, nikiwa nyuma ya pazia. Sinia likatembea mkekani, birika likaanguka, fundo la uzi likajifungua lenyewe, kama kwenye michezo yetu.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akainuka kutafuta viatu vyake. "Kumbe ule wa Jumamosi si mchezo," akasema. "Huyu mwana ana jini."

Posa ikafa palepale. Zuhura akanivuta jikoni. "Niambie kweli, shoga. Ni wewe?"

Uzi ulikuwa ngumini mwangu. Nikamwapia kwamba si mimi. Akaamini jini amekasirika kwa kuigizwa.

Wakampeleka kupungwa. Siku saba za ngoma na moshi wa ubani, akarudi hana sauti. Mwaka uliofuata wakampeleka tena. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumposa. Mimi niliolewa, na ni yeye aliyenipaka hina, amekaa mbali na vyombo.

Leo anaishi chumba kimoja, mtaa wa pili kutoka kwangu. Hana mtoto. Vikombe vyake vyote ni vya plastiki. Kila Ijumaa nampelekea chakula, naye hunishika mkono akasema, "Wote walinikimbia. Wewe peke yako hukuniogopa."

Sasa daktari kasema moyo wake umechoka, hana muda. Nikimwambia, siku hiyo hiyo namwondolea jini na shoga yake pekee aliyebaki. Nikinyamaza, atazikwa akiamini ana jini. Ijumaa ni keshokutwa. Jamani, nyinyi mngemwambia?