Marashi ya Zuhura

Nilikwenda Mafia kwa sababu ya barua ya maneno manne: "Zuhura anahara damu. Njoo." Zuhura ni dada yangu mdogo, aliyeolewa huko, kijiji cha Kiegeani. Mimi ni msaidizi hospitalini Dar es Salaam. Daktari akaniazima hadubini yake, akanipa na dawa ya mzizi. "Kali hiyo," akanionya. "Usipomwona amiba, kile kijidudu cha kuhara damu, akitembea, usimpe. Itammaliza."

Alfajiri nikapanda meli. Nilitapika njia nzima, hadubini nimeipakata.

Kesho yake tukatia nanga Kilindoni, bandari ya Mafia. Shemeji Mbaraka, mumewe Zuhura, alinipokea na punda. Njiani alisema neno moja tu: "Amekuwa mwepesi, shemeji. Namnyanyua kwa mkono mmoja."

Kiegeani tulifika adhuhuri. Zuhura amebaki macho tu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nataka choo chako nikipime."

Loo! Akajifunika uso kwa kanga. "Nikuoneshe wewe?"

"Nimekuogesha ungali mchanga, leo waniona mgeni?"

Akakubali, ila sharti nile kwanza. Nilipomaliza wali nikaletewa kibakuli chini ya kawa. Nikatazama kwenye hadubini: mabonge tu, hakuna kinachotikisika. Nikatazama tena. Hakuna. Nikaogopa sana, maana dawa nyingine sikuwa nayo. Mara pua ikanishtua: waridi!

"Zuhura, umetia nini humu?"

"Nimekiosha kidogo, kaka, nikatia marashi. Nikuletee uvundo, nawe umetoka safari?"

Nilicheka, kisha nikalia. Nikamweleza kuwa amiba hujulikana kwa kutambaa, na hutambaa choo kingali na joto. Kikipoa au kikioshwa, hafanani na chochote ila uchafu.

Asubuhi nikaiweka hadubini mlangoni pake, tayari. Mbaraka alikipasha joto kiganjani kioo cha kupimia, Zuhura akatoa choo kingali moto. Safari hii kidude kikanyoosha mguu, kikajivuta, tumboni kimejaa chembe za damu ya dada yangu.

"Nimekuona, mwizi wee!"

Nikampa Zuhura dawa. Alitapika siku tatu, Mbaraka amemshika kichwa. Siku ya nne akaomba uji, akalalamika hauna chumvi. Mbaraka akatoka nje kulia.

Siku ya kurudi Zuhura alinisindikiza mpaka uani kwa miguu yake mwenyewe. Akanitia leso mkononi, imelowa marashi. "Hapa ndipo mahali pake, sivyo kaka?"

Tangu hapo kila mgonjwa wa tumbo namwambia: kilete kingali moto, usinipambie, usinionee haya. Leso ile sijaifua mpaka leo.