Chupa Mbili za Kahawia

Harufu ya dawa ya upele hunirudisha Igoma, Mwanza, msimu wa mvua nikiwa darasa la nne. Mawe ya mlima nyuma ya nyumba yetu yalichuruzika maji kutwa, na upepo wa ziwani ulileta baridi iliyomwangusha mdogo wangu Deo, wa miaka miwili, kwa kikohozi. Mama alikuwa Musoma msibani. Bibi, aliyetoka Ukerewe kutulea, hakujua kusoma. Aliniamini mimi, msomi wa nyumba. Hakujua kwamba masomo yote niliyakariri kwa masikio. Kwenye karatasi herufi zilibadilishana nafasi kila nilipozikazia macho. Nilipokosea, darasa lilicheka, na mwalimu akasema ni ulimi wa Kijita tu, lugha ya nyumbani kwetu. Nami nikajificha ndani ya kisingizio hicho. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jioni moja Bibi, pua zimeziba kwa mafua, alinionyesha chupa mbili za kahawia zilizofanana. Moja, ya kikohozi, iliandikwa KUNYWA; nyingine, ya upele, KUPAKA.

“Mjukuu wangu, ya kikohozi ni ipi?”

Niliona K, nikaona U, kisha ukungu. Nikanyoosha kidole.

Deo alilia, akatema, akalazimishwa kumeza kijiko kizima. Haukupita muda macho yakampinduka, mwili ukaanza kutetemeka. Bibi alimbeba mgongoni mbio hadi zahanati, nami nyuma yake nimekumbatia chupa ile, nikiomba nisiulizwe kitu.

Niliulizwa. Deo alipotulia, daktari aliichukua chupa, akaielekeza lebo kwangu. “Soma, mwanangu.”

“Kunywa,” nikasema.

Nilisubiri kofi. Akainama, akaniuliza taratibu, “Herufi zinatulia ukiziangalia?”

“Hazitulii,” nikasema, nikaangua kilio. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Mama aliporudi, daktari alimwelekeza kwa mwalimu wa elimu maalumu kule Nyegezi. Huyo ndiye aliyeupa ugumu wangu jina: disleksia. Alinifundisha kuchora herufi mchangani kwa kidole, moja moja, miaka miwili. Deo alipona. Mimi bado husoma kila lebo mara tatu.

Leo binti yangu ana miaka saba, na herufi zake zinageukageuka kama zangu. Nilipomweleza mwalimu wake, alitabasamu. “Mvivu tu huyo, mama. Atazoea.”

Sikungoja azoee. Jumatatu iliyofuata tulikuwa kwa mtaalamu. Darasani kwao watoto wamebanana hadi dirishani, na Mwanza ina shule nyingi kama hiyo. Kwenye benchi la kusubiri walikaa watoto wawili tu, wangu akiwa mmoja wao; wengine bado wanaitwa wavivu.