Samaki Aliyemaliza Mdahalo wa Mjomba

Mjomba wangu ana tabia moja inayojulikana Kabambare nzima, huku mashariki mwa Kongo: mgeni hafiki kwake akaketi bure. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na tangu astaafu wageni ndio darasa lake. Ukishanawa mikono anakutupia swali, na ukijibu ovyo hakufukuzi, lakini chakula utakila huku ukichekwa. Mimi nililelewa na maswali hayo. Ndiyo maana leo ninafundisha historia katika sekondari moja ya Kasongo, na ndiyo maana sijawahi kushindwa mdahalo na mwanaume yeyote isipokuwa yeye.

Siku ninayoisimulia, wageni walikuwa wakwe zangu watarajiwa. Mchumba wangu ni Mwislamu wa Kasongo, wa zile familia ambazo watu wetu bado wanaziita Wangwana, yaani uzao wa watu wa misafara ya pembe na watumwa. Sisi ni Wakristo, wakulima wa Kabambare. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na hata angekuwa hai, katika familia yetu bibi arusi hatoki nyumbani mpaka kaka wa mama yake avute maji mdomoni na kumpulizia viganjani. Bila maji hayo umetoroka tu, hujaolewa. Na mjomba alikuwa amekwisha kumwambia mama yangu kwamba maji yake hayawezi kwenda katika nyumba ya watu waliotuuza. Nilimpenda yule mwanaume, nilimpenda na mjomba, na sikuwa na nia ya kumwacha hata mmoja wao.

“Wacha wakuje,” mjomba aliniambia. “Nitawauliza swali moja tu.”

Walikuja wawili, kila mmoja na pikipiki yake, matope hadi magotini. Wa kwanza alikuwa shangazi wa mchumba wangu, mama mnene wa sauti nzito anayeuza vitenge soko la Kasongo, na anayejua kabisa kwamba yeye ni nani. Wa pili alikuwa msemaji wa familia, mzee mmoja mpole wa mtaani kwao. Mchumba mwenyewe alibaki Kasongo, kama inavyotakiwa.

Kazi ya kupika nilijipa mimi, maana sikutaka mtu mwingine aniharibie. Kuku nilimkataa mapema: Waislamu hawawezi kula kuku aliyechinjwa na mkono wetu, nao wangebaki wakichezea bugali kwa vidole. Nikasema, samaki. Samaki hachinjwi, samaki hana dini. Sokoni asubuhi ile walikuwepo kambare tu, wanono, wametoka mto Luama. Hapo kukawa na tatizo, kwa sababu ukoo wa mjomba na mama yangu hauli kambare. Ni mwiko wao tangu zamani, hata chungu chake hakiingii jikoni mwao. Mimi ni wa ukoo wa baba, kambare namla mpaka mifupa. Basi nikapika kwa jirani, katika chungu cha jirani, na mjomba nikamwekea sombe yake, majani ya muhogo yaliyoungwa karanga. Nilijiona nina akili kuliko wanawake wote wa Kabambare.

Kabla ya chakula, mjomba aliuliza swali lake. Tukio gani la historia liligeuza dunia hii mpaka ikawa namna ilivyo leo?

Msemaji alijikohoza. “Ni vita kubwa ya wazungu, ile ya pili. Ile bomu yenye ilimaliza vita, mawe yake yalitoka kwetu Kongo, huko Katanga. Tangu pale kila mutu anaogopa mwenzake.”

Mjomba alitikisa kichwa kama anayempa mtoto nusu ya alama.

“Mimi nasema telefone,” akasema shangazi.

“Mama, telefone ni chombo. Haiko tukio.”

“Ile siku ya kwanza réseau ya telefone ilishika Kasongo, wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa sokoni. Watu walilia, baba. Mama mumoja alisikia sauti ya mutoto wake mwenye walikwisha kumulilia matanga. Na wewe unaniambia haiko tukio!”

Nilimpenda pale pale. Nikashindwa kuvumilia, nikachomoza kichwa mlangoni nikatoa jibu langu, lile ninalowapa wanafunzi wangu kila mwaka: muhogo. Muhogo ulivuka bahari kutoka Amerika, na sombe tunayoapia kuwa ni ya mababu, mababu wa mababu hawakuijua. Ukitaka historia ya watu usianze na wafalme, funua chungu. Ninaamini hivyo mpaka leo.

Mjomba alicheka. “Hii ndiyo unafundisha watoto ya watu? Muhogo?”

Kisha akaacha kucheka, akatoa jibu lake. Hakupaza sauti. Alisema tukio ni misafara. Alitaja vilima vyenye majina ya vijiji ambavyo havipo tena. Alisema pembe ilipata njia ya kufika pwani kwa sababu mtu wa hapa aliibeba, na aliyeibeba aliuzwa pamoja nayo. Kwingine wakajenga majumba, hapa kwetu pakaota majani.

“Na wale wenye walishika kamba,” akamalizia, “wajukuu yao ndio wanakaa hapa leo, wananiomba mutoto.”

Msemaji aliinamia viatu vyake. Nilikasirika, na hasira ilizidi kwa sababu katika historia yenyewe mjomba hakukosea. Nikaleta chakula, maana sikuwa na silaha nyingine.

Msemaji akamega bugali, akala kambare kwa shukrani. Shangazi alifunua sahani yake, akaifunika tena, akaisukuma taratibu mbali naye.

“Unaona?” mjomba akanigeukia. “Hata chakula yetu wanaizarau.”

“Hapana, baba,” shangazi akasema. “Samaki ni muzuri. Ni mimi sikulaka kambare. Kwetu nyumba nzima hatumukulaka.”

Hapo nikakumbuka kwamba mchumba wangu naye, kila tulipopita kwa wauza samaki Kasongo, alimkwepa kambare, nami nikamwita bwana maringo. Mwalimu wa historia mzima!

Mjomba aliweka chini tonge lake la sombe. “Juu ya nini hamumukulaka? Dini yenu haikatazi.”

“Haiko dini. Ni mama ya babu yetu ndiye alikataza watoto wake na wajukuu wake. Alisema ni sheria ya kwao.”

“Kwao ni wapi?”

“Walimwambia babu ni upande wa Luama. Alifika Kasongo na musafara, angali kabinti kadogo. Walimupa jina ingine, lile la kwao halikubakia. Alibakia tu na ile ya kambare.”

Huku kwetu ukoo usiokula kambare ni mmoja tu, nao ulikuwa umekaa mbele yetu na sahani ya sombe. Msemaji akauliza kwa woga kama basi mimi na mchumba wangu tumekuwa ndugu na ndoa imekufa. Lakini mjomba alimjibu kama anayesahihisha daftari: ukoo unatoka kwa baba, kijana ana wa kwake na mimi nina wa kwangu, na mwiko wa kambare uliwafikia kwa yule kabinti wa msafara, si kwa ukoo. Alisema hayo bila kumtazama mtu.

“Mulete maji,” akasema.

Nilikimbia. Nikarudi na bakuli, nikapiga magoti mbele yake, nikanyoosha viganja. Alivuta maji mdomoni, akanipita. Alikwenda mpaka kwa shangazi, akainama na magoti yake mabovu, akaichukua mikono yake, akaifungua mmoja mmoja, akapuliza. Maji yakamchuruzika mama yule hadi kwenye vikuku.

“Bibi yenu alitoka kwetu bila maji,” mjomba akasema. “Hakuna mutu alimusindikiza.”

Shangazi, aliyekuwa tayari kugombana na dunia nzima kwa ajili ya telefone, alilia kwa sauti kama mtoto, na mjomba akalia naye, mikono bado imeshikana.

Kisha akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akavuta maji mara ya pili, akanigeukia. Viganja vyangu vilikuwa bado wazi.